Dakika za Kinyumenyume

Mwaka wa tisa huu naishi Portland, Oregon, na hadi leo nikitazama saa ya ukutani lazima nitoe sita kwanza ndipo nijue kama ni muda wa kula au wa kulala. Nilidhani saa za watu hawa zimeshamaliza kunitesa. Kumbe walikuwa na nyingine, wameificha kwenye sufuria ya bia.

Mtu uliyelelewa Kibosho, kwa bibi aliyepika mbege maisha yake yote bila saa ndani ya nyumba, huwezi kuamini kwamba pombe itakushinda. Bibi alikuwa na ndizi, ulezi ulioota na gome la msesewe la kutia uchungu. Ukimuuliza atie gome kiasi gani, anakuangalia kama umemuuliza anapumuaje.

Huku mahali pa msesewe ni hopsi, maua ya kijani mfano wa vinanasi vidogo. Oregon inayalima, na jirani zao Washington wanayalima zaidi. Dukani huyakuti kama maua. Yamesagwa na kushindiliwa kuwa punje, ukiweka vibaya utawapa kuku. Kila pakiti ina asilimia ya asidi ziletazo uchungu: Saaz tatu au nne, Magnum kumi na mbili na ushee. Kwa hiyo gramu 20 si gramu 20. Hapo tayari nilishaanza kuchoka.

Maelekezo ya kupika bia yalikuwa mafupi. Magnum gramu 20, dakika 60. Citra gramu 60, dakika 5. Nikapika kimea cha shayiri, nikachuja (wao wana jina lao, kwangu hiyo ni togwa), lita 20 zikatokota. Nikahesabu dakika tano kwa uaminifu, nikamwaga Citra yote kwa mkupuo.

Togwa inayotokota haitaki kushtuliwa. Povu lilipanda kama limeitwa, likavuka ukingo, likateremka hadi kwenye jiko la kioo na kuungua likawa lami ya sukari. Sasa najua: unapunguza moto, unanyunyiza kidogo kidogo, na macho hayabanduki. Wala mfuniko hufuniki, kwa sababu kuna mvuke unaonuka mahindi ya kopo unaotakiwa utoke. Siku ile nilijua kusugua tu.

Lakini harufu! Machungwa, maembe, nyumba nzima. Mama watoto, ambaye tangu hopsi ziingie kwenye friza analalamika kwamba samaki wake wananuka nyasi, siku hiyo alisifia. Jirani naye akagonga mlango kuuliza, kwa adabu sana, kama ninachochoma kimebaki. Hopsi na bangi ni ukoo mmoja, na hapa Oregon bangi ni ruhusa, kwa hiyo hakuja kushtaki, alikuja kuomba. Nikajiona fundi. Sikujua kwamba ninaibiwa mchana kweupe: harufu niliyokuwa naivuta puani ndiyo iliyokuwa inaikimbia bia.

Ilipotimia dakika ya 60 nikatia Magnum, nikazima moto, nikajipongeza.

Wiki kadhaa baadaye shemeji akaja kuonja. Akapiga funda moja, akanyamaza. Akatazama glasi, akaniuliza, "Shemeji, hii inanywewa mara ngapi kwa siku?"

Ilikuwa mwarobaini. Nikarudi kwenye maelekezo kusaka aliyenikosea, na ndipo nikaelewa: dakika zile huhesabiwa kutoka mwisho! Dakika 60 maana yake zimebaki 60, yaani mwanzo kabisa. Dakika 5 ni karibu na kuepua. Mtu mzima, na watoto wawili, nahesabu kama warusha roketi.

Na sababu wanayo, ndiyo inayoniuma. Uchungu wa hopsi hauingii majini kirahisi; unataka moto wa muda mrefu uzigeuze zile asidi ndipo ziyeyuke. Hata baada ya saa nzima unapata robo, ukibahatika theluthi, na nyingine inaishia kwenye machicha. Mshahara wangu wenyewe haukatwi hivyo. Harufu ni kinyume chake: imo kwenye mafuta mepesi, ukiyachemsha sana yanaruka na mvuke. Mimi nilichemsha maua ya harufu dakika 55, yakatoa uchungu wake, na ya uchungu nikayapa kuoga tu.

Nikampigia mama simu Kibosho kulalamika. Alinisikiliza hadi mwisho, kuku wanalia nyuma yake.

"Baba, huko hakuna msesewe?"

"Hakuna, mama."

"Ndiyo maana." Akaanza kunieleza habari za mahari ya binamu yangu.

Mzunguko wa pili nilibandika karatasi kwenye friji, kila hopsi na saa yake kwa Kiswahili: Magnum saa nane kamili mchana, Citra saa tisa kasoro dakika tano. Hiyo ilinyweka. Ya kwanza bado imejaa chini ya kitanda, chupa 40 na kitu, kwa kuwa nimeambiwa uchungu hupungua ukikaa. Hazitafika huko. Shemeji anapita kila Ijumaa, anaifuata ile ya pili sebuleni kama mgeni yeyote, halafu wakati wa kuondoka ananong'ona apewe mbili za chini ya kitanda. Anasema tumbo lake halijawahi kutulia namna hii.