Kungwi wa Kiingereza

Kungwi wa kawaida hufundisha chumbani, mlango umefungwa. Mimi nafundisha hadharani, maana aibu zenyewe zimetokea hadharani. Barua za wiki hii ni nyingi, na wengine wamejifunika nyuso kwa majina ya bandia. Sawa, nami sitawafunua.

*Bi Kungwi, shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Juzi nampeleka mama mmoja wa Kiingereza uwanja wa ndege wa KIA. Tumefika Usa River, akaniuliza, "You haven't forgotten the black bag?" Nikamjibu kwa adabu zangu zote, "Yes, madam." Akapiga ukelele. Tukasimama, tukashusha mizigo yote barabarani, na begi jeusi lilikuwa chini kabisa, nilikoliweka mwenyewe alfajiri. Nimekosa wapi? — Dereva Mwaminifu*

Marahaba, mwanangu. Umejibu Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Kwetu "ndiyo" humjibu msemaji: kama ulivyosema, sijasahau. Mtu akikuuliza "hujala?" ukasema "ndiyo", anakupakulia. "Yes" ya Mwingereza haimtazami msemaji, inalitazama begi: limesahauliwa au halikusahauliwa? Ulitakiwa useme "no", na najua kwa nini ilikushinda. Aliyekulea hakukufundisha kumwambia mama mtu mzima "hapana" usoni.

Kinachoniudhi ni kwamba Waingereza waliwahi kuwa na dawa ya jambo hili wakaipoteza. Zamani walikuwa na maneno manne. "Yea" na "nay" yalijibu swali la kawaida. "Yes" na "no" yalijibu swali lenye kukanusha. Kazi ya "yes" ilikuwa kupinga: hujasahau? Nimesahau! Katika miaka ya 1530 Thomas More alimkaripia kwa maandishi William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwamba hajui kutofautisha "nay" na "no". Ugomvi wao hasa ulikuwa wa dini, lakini mtu akishakuchukia hata silabi zako humkera. More alikatwa kichwa mwaka 1535 na Tyndale akauawa mwaka uliofuata, wala si kwa ajili ya sarufi. Maneno mawili nayo yakazama, yakabaki mawili yanayobeba mzigo wa manne, na mzigo huo ndio uliokuangukia wewe Usa River.

Siku nyingine usianze na "yes" wala "no". Sema, "I have it, madam." Begi lipo, safari iendelee.

*Bi Kungwi, nimelipia kozi ya miezi mitatu ili niweze kusema "think" badala ya "sink". Mwalimu ananiambia nitoe ulimi. Mke wangu ni Mpemba, na kila nikianza mazoezi yeye hutoka nje kwenda kucheka. — Ulimi Nje, Kinondoni*

Anacheka kwa sababu umekwenda kununua dukani kitu kilichojaa jikoni kwako. Mwombe mama mkwe ahesabu mpaka thelathini, kisha akusimulie enzi za thumuni, nawe mtazame mdomo. Sauti ya "think" ndiyo ya *thamani*. Sauti ya "this" ni nyingine, ni ya *dhahabu*. Kiswahili kilizipokea zote mbili pamoja na maneno ya Kiarabu na kikaziandika mbalimbali, th na dh. Kiingereza kimewavika mapacha hawa kanga moja, halafu kinamlaumu mgeni asiyejua yupi ni yupi.

Nacho kiliwahi kuwa na herufi zake mbili za sauti hizi, moja ikiitwa thorn na nyingine eth, ila waandishi wa kale walizitumia ovyo, hii mahali pa ile, na mwishowe zote zikafa. William Caxton alifungua matbaa yake Westminster mwaka 1476, na wachapaji wa Kiingereza wakawa wanaweka y mahali pa thorn. Ndiyo maana duka la Uingereza linalojifanya la kale huandikwa "Ye Olde" na watu wakasoma "yi". Ni "the" tu, imevaa nguo ya kuazima.

Kila asubuhi sema "thamani ya dhahabu" mara kumi. Ukijisikia unasema "samani ya zahabu", rudia, maana hapo umeshaingia duka la makochi.

*Bi Kungwi, mimi ni muuguzi Uingereza. Mwenzangu alijikwaa, nikamwambia "sorry". Akanishangaa: "Kwani ni wewe uliyenisukuma?" — Mwenye Huruma*

"Sorry" yao mara nyingi ni ya mkosaji. Yako ilikuwa "pole" iliyovaa koti la baridi. Kiingereza hakina neno moja la kumpa aliyejikwaa, aliyechoka, aliyefiwa na aliyelowa mvua, wote hao. Mfundishe "pole". Walishachukua "safari" na hawajairudisha.

*Bi Kungwi, nilikuwa MC harusini nikamwita bibi harusi "he" mara tatu. Mama yake hanisalimii. — Yeye*

Kamwombe radhi kwa Kiswahili, lugha ambayo "yeye" haijawahi kumuuliza mtu kama ni mume au mke.

*Bi Kungwi, nilifundisha Kiingereza miaka thelathini. Nikisikia kijana anasema "vipilefti viwili" natamani kulia. — Mstaafu, Morogoro*

Futa machozi, mwalimu mwenzangu. Kibao kilisema "keep left", sisi tukaona ki-, tukakipa wingi wake. *Kitabu* tulikitendea vivyo hivyo kilipotoka Uarabuni na hukuwahi kulia. "Mudguard" ikawa madigadi. Tukadhani ma- ni ya wingi, tukakata, tukapata digadi moja. Unaita hilo ujinga? Waingereza walikuwa na neno "pease", njegere. Wakaisikia ile s, wakadhani ni ya wingi, wakaikata wakapata "pea". "Cherry" nayo waliichukua kwa Wafaransa wa Normandia ikiwa na s mwishoni, wakaila s kabla ya tunda. Fundi gereji wa Msamvu na mkulima wa Kent wamefanya kosa moja, ila la Mkent limeingia kwenye kamusi uliyokuwa ukiifundishia.

Nimalizie vijibarua. Uliyeuliza b ya "debt" inatamkwa lini: kamwe. Neno lilitoka Ufaransa bila b, wasomi wakaichomeka ili lifanane na "debitum" ya Kilatini. Ni deni lisilolipwa, lipite kimya. S ya "island" ni mgeni vilevile, ilidandia kutoka "isle".

Nawe wa soko la samaki la Feri unayetaka wingi wa "octopus": ni "octopuses". "Octopi" ni mkia wa Kilatini kwenye pweza wa Kigiriki. Lakini kwa bei ya leo pale mnadani, mwanangu, umoja utakutosha.