Rambirambi za Jo

Tangu Ijumaa napanda boda, japo ni ghali, kwa sababu makanga wa barabara ya Mbita na Homa Bay wameshanijua kama baba aliyefiwa na mtoto.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa dirishani mwa matatu, vipokea sauti masikioni, naangalia Supa Modo kwenye simu. Filamu hiyo ya Likarion Wainaina ni ya 2018, ila huku Lambwe filamu ya Kenya ikikufikia shukuru. Jo ana miaka tisa na ugonjwa usiopona. Anapenda mashujaa wanaopaa, basi dada yake Mwix anakisihi kijiji kizima kimdanganye kwamba naye ana nguvu zao. Anayeweza kuitazama kwa macho makavu apimwe. Tukikaribia Ogongo nilikuwa nalia, na kwa kuwa masikio yalikuwa yamezibwa, sikujua nalia kwa sauti gani.

Mama wa kando akanishika goti. "Wuoda, ni nani?"

"Jo."

"Mtoto?"

"Wa miaka tisa."

Dereva akazima muziki. Ukitaka kuona Wajaluo wanavyojua kufiwa, lia ndani ya gari lililojaa. Swali la kwanza huwa ni kwenu wapi, la pili mwili uko wapi, na kabla hujajibu wimbo umeshaanzwa kiti cha nyuma, sauti zimegawanywa, hata besi ipo. Mimi nilikuwa mwishoni kabisa mwa filamu, sikuwa na nafasi ya kujibu. Kofia ya makanga ikazunguka. Iliponifikia ilikuwa na noti, sarafu na nusu mkate.

"Huyu analilia muvi," akasema kijana aliyekuwa akichungulia begani kwangu. Kisha, kwa dharau ya mtaalamu: "Na hata haina DJ!"

Hapo alikuwa na hoja. Filamu hapa bila DJ ni picha tu. DJ Afro na wenzake huchukua filamu ya kigeni, hasa ya ngumi na bunduki, wakapunguza sauti yake na kuzungumza juu yake kwa Kiswahili na Sheng. DJ hatafsiri neno kwa neno, hana haja. Humbatiza shujaa jina jipya, humwonya adui anapovuka barabara, humsuta mpenzi wa shujaa, na pale ambapo Mmarekani amenyamaza dakika nzima akitazama bahari, DJ anakueleza anachofikiria, na mara nyingi ni fikra bora kuliko zilizokuwamo. Uganda wanaitwa VJ. Tanzania alitamba Lufufu. Nimeona filamu mbovu kabisa zikaokolewa na koo la mtu mmoja.

Ninachokasirikia ni kingine. Februari 2018 Black Panther ilipoletwa Kisumu, gavana Anyang' Nyong'o aliifanyia sherehe, kwa kuwa binti yake Lupita yumo. Sawa, mzazi ni mzazi. Lakini Supa Modo, ya mwaka huohuo, inayosema Kiswahili bila kusaidiwa na DJ yeyote, nimeipata kwenye flashi ya binamu, na walioitengeneza hawakuona ndururu yangu. Ningewalipa wapi? Kibanda cha video hapa kinaonyesha Arsenal. Riwaya nazo ndizo zimenyanyaswa zaidi. Niliulizia Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora dukani, muuzaji akataka kujua mwanangu yuko kidato gani. Nikamwambia nataka kusoma mwenyewe. "Hiyo haitahiniwi tena," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Yaani tumelea kizazi kinachoamini kwamba mwandishi huandika ili apate maswali ya alama ishirini, na akishaondolewa kwenye orodha ya mtihani anaondolewa rafuni pia, kama dawa iliyopitwa na tarehe.

Na Supa Modo si filamu ya kwanza ya Kenya kuniponza: Nairobi Half Life niliiwasha mezani kwa wakwe, wakati wa chakula. Waliofika pale Mwas, mhusika mkuu, anaposafisha choo cha selo wanajua kwa nini samaki walibaki.

Vitabu navyo vimeniponza: riwaya ya The Promised Land ya Grace Ogot, ya 1966, niliisoma usiku, mkono ukiwa umevimba kwa kuumwa na mbung'o wa mbuga ya Ruma huku kwetu. Ukishasoma yaliyoipata ngozi ya mhusika wake Ochola kwa dawa za jirani mwenye wivu, hukuni kwa utulivu tena. Wiki nzima nilimkwepa jirani yangu, hadi akaja kuuliza tumekosana nini. Nikamwazima kitabu. Sasa yeye ndiye hanisalimii.