Nguzo ya Rusizi II

Shemeji yangu wa Mwanza anazipenda karatasi za gari lake kuliko gari lenyewe. Tangu mpaka wa Rusumo, pale dereva wa Kitanzania anapoaga upande wa kushoto na kuanza kujiombea dua upande wa kulia, alikuwa akinisomea Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari ya kuvukia mipaka. Tanzania ilijitoa kwenye soko la pamoja la COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa kadi hiyo, ulioanza kazi 1987, ikabaki. Yaani umehama nyumba, funguo hujarudisha.

“Hii inanilinda mpaka Kongo,” alisema tukikatiza msitu wa Nyungwe.

Rusizi II tukakuta foleni ya kuvuka kwenda Bukavu. Shemeji akarudi nyuma kumpisha lori, akaivaa nguzo ya zege. Taa ya nyuma ikamwagika chini. Mimi nikashika kichwa. Yeye akashuka anatabasamu, mkoba wa karatasi kwapani.

Kwenye ofisi ya pale mpakani, dada wa bima akaikagua kadi mbele na nyuma.

“Mzee, umegonga mtu?”

“Mungu apishe mbali!”

“Pole. Ungegonga mtu, ningekufungulia faili sasa hivi.”

Bima ndogo, ile ya lazima, haina habari na taa yako. Inamhusu yule utakayemuumiza: muuza ndizi, mwenye pikipiki, bibi anayevuka barabara. Ukiwa ugenini, Kadi ya Njano ndiyo inayobeba deni hilo, kwa kiwango cha chini cha sheria ya nchi uliyomo, si ya ulikotoka. Inagharimia pia matibabu ya dereva na abiria wake. Tukajikagua. Hakuna hata aliyechubuka. Taa ni kazi ya bima kubwa, tena kama mkataba wake unavuka mpaka, na bima kubwa shemeji aliikataa kwa kuwa yeye “si mtu wa kugonga.”

Akaitazama nguzo kwa matumaini. “Na huyu je?”

Dada akachungulia dirishani. “Mzima. Hadai kitu.”

Sikusema neno, ila moyoni nilikuwa upande wa sheria. Nimeshaona anavyoendesha, wenye kuhitaji ulinzi ni wale walio nje ya gari.

Tukageuza hadi mjini Kamembe. Fundi akabandika plastiki nyekundu kwa gundi, akalipwa, na shemeji akadai risiti. Nikamuuliza ya nini.

“Huenda Mwanza wameshabadilisha sheria tangu tuondoke.”