Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mshika Mfuko wa Taifa

Mheshimiwa Waziri wa Fedha wa Jamhuri ya Uganda,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Nawasalimu pia familia yako, makatibu wako na wasaidizi wako, na kwa namna ya pekee askari wa lango lako, kwani huenda yeye ndiye atakayeisoma barua hii hadi mwisho. Napiga magoti kama tulivyofunzwa kuwafanyia wakubwa, na nikiwa hapo chini naomba ruhusa ya kushukuru.

Nashukuru kwanza kwa ahadi. Aprili 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Ahadi hiyo, Mheshimiwa, kwetu imetunzwa vizuri mno. Miaka zaidi ya 20 imepita na bado haijaguswa.

Nashukuru pia kwa subira tuliyofundishwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliyokuwa ikifanya kazi Hospitali ya Mulago tangu 1995, iliharibika kabisa. Nyingine ilianza kazi mwanzoni mwa 2018. Waliokuwa na uwezo walivuka mpaka kwenda kutibiwa Kenya. Natoa shukrani hizi kwa niaba ya waliobaki, wale walio hai.

Leo nakuandikia kuhusu saratani ya mdomo. Hapa Kampala dunia ilifundishwa jambo kubwa na mataya ya watoto wetu. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona Mulago watoto waliovimba taya na macho, akauandika ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961 aliusimulia London. Mtafiti Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Taasisi yetu ya Saratani ilianza 1967 juu ya msingi huo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, wagonjwa wa mji huu hawaombi sadaka katika elimu hii. Walikwisha kuichangia kwa miili yao.

Saratani ya mdomo ya watu wazima, ile inayochochewa na tumbaku na pombe, ni nyingine, na inaanzia kwenye utando wa ulimi, ufizi au shavu. Chembe ya mwili haijigawi hovyo, hungoja kuambiwa. Juu ya ngozi yake kuna kipokezi kiitwacho EGFR. Kikiguswa na ujumbe wa kukua, huupitisha ndani kutoka protini hadi protini: njia moja ina RAS, MEK na ERK, nyingine ina PI3K, AKT na mTOR. Ujumbe ukifika kwenye kiini, chembe hujigawa. Katika saratani ya mdomo vipokezi hivi mara nyingi huwa vingi kupita kiasi, na amri ya kukua haikatiki. Dawa iitwayo setuksimabu hukiziba kipokezi kwa nje. Erlotinibu, ambayo ni kidonge, hukizima kwa ndani. Lakini ukiziba njia moja saratani hutafuta nyingine, kama boda boda zinavyopenya vichochoro vya Wandegeya Barabara ya Bombo inapofungwa. Isitoshe, uvimbe huwatumia askari wa kinga ya mwili ishara ya kuwatuliza, nayo dawa ya nivolumabu huikata ishara hiyo.

Ndugu wa mgonjwa hutajiwa dawa za namna hii pamoja na bei, na bei ndiyo humaliza mazungumzo.

Ila Mumbai hawakuyamaliza hapo. Hospitali ya Tata Memorial ilichukua wagonjwa 151 wa saratani za kichwa na shingo ambao hawakuwa tena na tumaini la kupona. Wote walipewa vidonge vitatu: methotreksati, selekosibu na erlotinibu. Nusu yao waliongezewa nivolumabu miligramu 20 tu kila wiki tatu, ilhali dozi ya kawaida ni 240 kila wiki mbili. Matokeo yalichapishwa 2022. Baada ya mwaka, walio hai miongoni mwa walioongezewa walikuwa asilimia 43.4, wengine, 16.3. Sijui neno la heshima la kuueleza mwanya ulio kati ya namba hizo mbili, kwa hiyo nauacha ulivyo.

Najua una barabara, madeni na mafuta ya Ziwa Albert, na sitarajii jibu. Naomba jambo moja dogo.

Juni ijayo, siku ya kusoma bajeti, kabla hujafungua mkoba, naomba ukae kwenye kiti mbele ya kamera na ufungue mdomo. Mganga wa meno atakushika ncha ya ulimi kwa kitambaa cha shashi, auvute taratibu kulia na kushoto, amulike kingo zake na sakafu ya mdomo, akitafuta doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, au kidonda kilichokataa kupona kwa wiki tatu. Kisha apapase shingo yako kutafuta uvimbe. Wabunge wote, zaidi ya 500, wapange foleni nyuma yako, midomo wazi, na hotuba isianze mpaka wa mwisho akaguliwe. Taifa lione kwamba kazi hii inahitaji tochi na glavu, na kwamba doa lililoonwa mapema huondolewa kwa kisu kabla ya kuhitaji dawa yoyote niliyoitaja.

Ukikutwa mzima, kama ninavyokuombea kwa dhati, basi usomapo fungu la afya utaje kwa sauti vile vidonge vitatu na zile miligramu 20, na kiasi cha shilingi ulichovitengea. Mashavu yakiwa yamechoka kwa kuachama, taifa litakungoja.

Wako mtiifu, ningali nimepiga magoti,

Mwananchi wa Kampala