Mheshimiwa Mfumo, Mwaka Huu Ni Witiri

Kwa:
Mheshimiwa Mfumo wa Mtandaoni wa Kupokea Taarifa za Maendeleo ya Utafiti wa Afya,
Popote ulipo,
Nairobi.

YAH: TAARIFA YA ROBO MWAKA, PAMOJA NA MAELEZO YA KWA NINI HAKUNA KILICHOTOKEA

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Kitale na kutoka Bungoma. Sisi watafiti wa huku tu wazima wa afya. Hofu yetu ni juu yako, kwani kila tukibisha hodi unatuambia uko kwenye matengenezo, turudi baadaye. Tunakuombea upate nafuu kabla ya saa sita usiku ya tarehe ya mwisho, maana tarehe hiyo haijawahi kuugua hata siku moja.

Kwanza nikushukuru. Serikali ilitupa ruzuku tuchunguze majeraha ya tohara ya jandoni katika kaunti mbili, Bungoma na Trans Nzoia, nawe ukapewa kazi ya kutusimamia. Fedha ni za mlipa kodi, na mlipa kodi ana haki ya kujua zimekwenda wapi. Hilo sina ubishi nalo. Ninayokuandikia ni yale yaliyokosa nafasi katika kisanduku chako cha “Changamoto”, ambacho hupokea herufi 150 kisha hufunga mlango.

Tuanze na kalenda. Wabukusu wa huku kwetu hutahiri vijana wao mwaka shufwa, mwezi wa Agosti. Ndivyo walivyofanya kabla yako na kabla ya hiyo Hazina inayokulisha. Mwaka witiri hakuna kijana anayezunguka na njuga akiwaalika wajomba, na hakuna ngariba anayenoa kisu. Wewe lakini huijui witiri wala shufwa, unaijua robo. Machi ya mwaka witiri ukaniuliza: “Washiriki wangapi wamefikiwa?” Nikajaza sifuri. “Sababu ya kuchelewa?” Nikaandika: mwaka huu ni witiri. “Hatua za kurekebisha?” Hapo nilikwama, mheshimiwa. Nimrekebishe nani? Niwaendee wazee wa Sirisia niwaambie wasogeze mila mbele kwa sababu mradi wangu umegeuka mwekundu kwenye kioo cha kompyuta?

Ilipofika Agosti ya mwaka shufwa, vijana walikuwa tayari, ngariba tayari, madodoso tayari. Fedha za awamu ya pili ndizo hazikuwa tayari. Ziliingia Oktoba, vidonda vimekauka na vijana wamesharudi shuleni. Siku hiyohiyo ukaniletea ujumbe: matumizi yenu yako chini ya kiwango, ongezeni kasi. Nilitamani kukutii. Ila kasi ya kidonda kilichokwisha kupona haiongezeki.

Pili, jinsia. Fomu yako haikubali wanufaika wa kike wawe sifuri. Naelewa: Katiba, kifungu cha 27, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Ila jandoni hatukuteua mtu. Nilijaribu kukueleza kwamba tohara hii ni ya wavulana, ukaniandikia kwa wino mwekundu kwamba nafasi hii ni ya lazima. Tukawaingiza mashangazi waliopika. Sasa kumbukumbu za serikali zinaonyesha kuwa mradi wa tohara ya wavulana umewafikia wanawake kwa kiwango cha kupigiwa mfano. Hongera zote ni zako.

Tatu, ushahidi wa picha. Uliagiza picha za shughuli, zenye washiriki wanaoonekana wazi, zisizozidi megabaiti 2. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatukataza, kamati ya maadili inatukataza, na hata bila hizo mbili, adabu tuliyolelewa nayo ingetutosha. Tukaleta picha ya watu wazima waliosimama nyuma ya bango, wameshika chupa za maji. Ukaikubali papo hapo. Ni taarifa yetu pekee ambayo hukuirudisha kwanza kabla ya kuipokea.

Nne, risiti. Unataka kila shilingi iwe na risiti ya kodi ya kielektroniki, ile ya eTIMS. Tafadhali siku moja panda bodaboda kutoka Chwele hadi Kapsokwony wakati wa mvua, ukishuka umwombe dereva risiti ya eTIMS. Usiombe kabla ya kushuka.

Tano, mipaka. Orodha yako inaniruhusu kuchagua kaunti moja tu: Trans Nzoia ni namba 26, Bungoma ni namba 39. Kijana wetu amezaliwa Kimilili, ametahiriwa kwa babu yake Kiminini, amepelekwa hospitali Webuye. Nimemgawa vipande vitatu lakini bado hukumpokea. Zaidi ya hayo, masharti ya leseni ya utafiti yananitaka kabla ya kuanza nijitambulishe kwa kamishna wa kaunti, kwa gavana na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Nimefanya hivyo kote kuwili. Hata anayechunguza mbu hana budi kubisha hodi ofisi ya elimu, ingawa mbu mwenyewe hajawahi kuandikishwa darasa lolote.

Mheshimiwa, usidhani nabeza utafiti wa kwetu. Ardhi hii imeufunza ulimwengu. Mwaka 1980, Mfaransa aliyekuwa akiishi huku magharibi mwa Kenya, na ambaye alikuwa ameingia pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, aliugua Marburg akafia Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa akapona, na aina ile ya virusi mpaka leo inaitwa Musoke, kwa jina lake. Mwaka 1987, mvulana Mdenmaki wa miaka 15 aliyezuru pango hilohilo alifariki kwa ugonjwa huohuo. Watafiti wakaingia pangoni, wakapekua wanyama na wadudu, wakatoka mikono mitupu. Popo aliyekutwa na chembe za virusi hivyo ndani ya Kitum alikamatwa mwaka 2007, na habari zake zikachapishwa 2010. Piga hesabu kwa robo zako: kuanzia 1980 hadi 2007 ni robo zaidi ya 100 za “hakuna maendeleo”. Ungekuwepo enzi hizo, ungelifunga pango na kudai popo arejeshe masurufu.

Hata hii tohara tunayoichunguza ilikwisha kupata watu wa kuipima. Robert Bailey, Omar Egesah na mwenzao walifanya utafiti Bungoma mwaka 2004, wakauchapisha mwaka 2008 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kati ya vijana 443 waliotahiriwa kimila, 156 walipata madhara, yaani asilimia 35. Kati ya 559 waliotahiriwa kwenye vituo vya afya, 99 walipata madhara, karibu asilimia 18. Soma tena namba hiyo ya pili. Hata waliopelekwa kwa daktari, takribani mmoja katika kila sita alidhurika. Tangu walipokusanya takwimu hadi zilipochapishwa, msimu wa 2006 ulikuwa umekwisha kupita, na wa 2008 ulikuwa umefika. Na zilipochapishwa, zilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo baba wa Sirisia hana sababu ya kulifungua. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua ampeleke mwanawe wapi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, mheshimiwa. Tunakuletea taarifa wewe, na wewe husomi. Najua husomi, kwa sababu ukishapokea ukurasa wowote hujibu kwa sentensi ileile: “Asante. Taarifa yako imewasilishwa kikamilifu.” Nikikueleza mafanikio, asante. Nikikueleza kwamba fedha zilichelewa tukaukosa msimu mzima, asante. Yule aliyetoa mwanawe, aliyetia kidole gumba kwenye karatasi ya ridhaa, aliyelipa kodi kwenye sukari na vocha ya simu, yeye hana nywila ya kuingilia kwako. Taarifa zote zinapanda Nairobi. Hakuna inayoteremka Chwele.

Usijione uko peke yako. Wenzako wako hata ughaibuni. Uingereza watafiti wa fedha za umma, wakiwemo wa Baraza la Utafiti wa Tiba, walikuwa wakijaza matokeo yao katika mfumo uitwao Researchfish. Machi 2022 baadhi yao waliukejeli kwenye Twitter. Wenye mfumo wakawajibu hadharani kwamba malalamiko juu yao yameshapelekwa kwa mfadhili. Zogo likawa kubwa mpaka kampuni ikaomba radhi. Nakutajia hili mapema ili ukitaka kunishitaki kwa barua hii, ujue njia hiyo ilishapitiwa na imeota miba.

Wapo pia wenzako wa kuigwa. Marekani, taasisi za taifa za afya zinazojulikana kama NIH nazo humdai mtafiti taarifa kila mwaka mtandaoni, na nasikia analalamika vilevile kama mimi. Ila wana mlango wa pili uitwao RePORTER. Mtu yeyote, hata aliye kwenye saiba ya Kitale, anaweza kuufungua bila nywila akaona mradi gani umepewa dola ngapi, unahusu nini, na umezaa maandishi gani. Kwa hiyo mkulima wa Kiminini anaweza kuzifuatilia dola za Mmarekani. Naomba aweze kuzifuatilia shilingi zake mwenyewe kwa wepesi huohuo.

Na kwa kuwa wewe ni bingwa wa kudai taarifa, nakuomba umdai na huyu mwingine. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema Hazina itatia katika mfuko wa taifa wa utafiti kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa, wala hakijakaribiwa. Hazina inajaza fomu ipi? Imegeuzwa nyekundu lini? Kisanduku chake cha “Hatua za kurekebisha” kina herufi ngapi? Mkuki kwa nguruwe, mheshimiwa.

Nakuomba manne, nayo hayahitaji kompyuta mpya. Muda wa taarifa ufuate kazi inayofanywa: utafiti wa malaria ufuate mvua, wa tohara ufuate Agosti ya mwaka shufwa. Tarehe ya mwisho ya taarifa isianze kuhesabiwa kabla fedha hazijaingia benki. Kila taarifa isomwe na mtu mwenye jina na simu, anayeweza kuuliza swali la maana na kulijibu. Na kila mradi unapomalizika, ukurasa mmoja wa Kiswahili usomwe katika baraza la chifu pale ulikofanyika, kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Hilo la nne likifanyika, hayo matatu nitakusamehe.

Wako mtiifu, anayelazimika kuishia hapa kwa kuwa umemtoa nje,

Mtafiti, Kitale na Bungoma.

Nakala kwa:
Hazina ya Taifa: kwa kumbukumbu ya ile asilimia 2.
Makamishna, magavana na wakurugenzi wa elimu, kaunti namba 26 na 39: nimeshajitambulisha.
Mzazi yeyote wa Bungoma na Trans Nzoia: mtafiti akija kwako na dodoso, muulize kwanza waliomtangulia walipata nini. Usitie kidole gumba kabla hajakujibu.