Sifa za Ujenzi Usio na Haraka

Kalamu nyingi zimekwisha wino kwa kuwasifu wepesi na mashujaa, wala sijaona hata moja iliyochovywa kwa ajili ya ujenzi wa programu kubwa, yaani kuugeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa, ule ambao mwandishi wa msimbo huuanza akiwa na hamu akaumaliza akiwa na njaa. Na kwa kuwa dhulma hii imedumu mno, nimeazimia leo kuiondoa.

Fadhila yake iliyo dhahiri ni raha. Mtu aliyebadili mstari mmoja, kisha akaamuru mradi mzima ujengwe upya na majaribio yake yote yaendeshwe, akionekana ameegemea kiti anabishana habari za mpira, hana lawama. Msimamizi akimuuliza, atajibu kwa adabu, "Bado inajenga, bwana," na jibu hilo, kwa kuwa ni kweli tupu, halina rufaa.

Ya pili ni ukarimu. Katika lugha ya C, matamko yanayotumiwa na wengi huwekwa katika faili za vichwa, na kila faili ya msimbo inayovihitaji vichwa hivyo huvisoma upya toka mwanzo hata tamati, pamoja na vingine vilivyoitwa navyo. Basi ukigusa maelezo tu katika kimoja kilicho mashuhuri, maelfu ya faili huamka kujengwa tena, kama ukoo mzima ulioitwa shughulini kwa sababu mjomba amepiga chafya.

Neema hiyo haikukosa mahasidi. Stuart Feldman wa Bell Labs, huko Marekani, baada ya mwenziwe kupoteza asubuhi akisaka kosa alilokwisha kulisahihisha, ila faili yake haikujengwa upya, alitunga mwaka 1976 programu iitwayo Make, inayotazama saa za faili na kujenga zile tu ambazo asili yake imebadilika. Wakafuata wenye ghala za kuhifadhi matokeo ya jana, na wenye kuigawa kazi kwa kompyuta nyingi. Mwaka 2022 Ingo Molnár aliwasilisha mabadiliko zaidi ya 2,200 ya kuvifumua vichwa vya kiini cha Linux, akitaja ongezeko la kasi la asilimia 50 hadi 80; lakini shehena hiyo haikupokewa nzima, maana wakaguzi nao ni wanadamu, na kukagua mabadiliko 2,200 kuna utaratibu wake wa polepole.

Hata hivyo fadhila iliyo kuu kuliko zote ni sitara. Majaribio yakichukua saa nyingi, haiyumkiniki kumpimia kila mtu peke yake, ndipo mabadiliko ya watu ishirini hufungwa furushi moja. Likianguka, mkosaji hajulikani, aibu yake imestirika kati ya wenziwe kumi na tisa wasio na hatia, na kikao kinachoitishwa kumtafuta hakivunjiki ila kwa habari kwamba furushi la pili nalo limeanguka.