Jinsi ya Kudanganya kwa Ganda la Ndimu

Mgeni wako amekula nyama choma na kachumbari tangu aote meno. Nyanya na kitunguu havimshangazi tena. Wewe unataka Jumapili ijayo aonje kitu, aache kutafuna, akutazame na kuuliza, "Hii umeitoa wapi?" Nitakufikisha hapo bila tiketi ya ndege. Kitu chenyewe kinaitwa yuzukosho, cha Wajapani, na utakitengeneza hapa Eldoret bila kuwa na yuzu hata moja. Huo ndio udanganyifu wote. Yanayobaki ni kazi.

1. Kijue unachokiiga

Yuzukosho ni ganda la yuzu, pilipili na chumvi, vilivyopondwa pamoja vikaachwa vichachuke. Asili yake ni Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, ambako watu wa Oita na wa Fukuoka kila mmoja hudai kuwa kilianzia kwao. Yuzu ni jamaa wa ndimu: ganda lake lina vinundu, maji yake ni haba, na harufu yake inasimama kati ya limau, chenza na balungi.

Kariri na hili, litakufaa mezani. Sehemu nyingine za Japani, ukisema kosho watu wanaelewa pilipili manga. Kyushu, kosho ni ile pilipili mbichi inayowasha. Wenzetu wameyachanganya majina kama tulivyoyachanganya sisi, ambao pilipili hoho yetu haimwashi hata mtoto mchanga. Liseme jambo hili polepole huku ukikata nyama. Watadhani umesafiri.

2. Badilisha tunda, wala usione haya

Usimzungushe mama mboga na neno yuzu. Nunua ndimu 15 za kijani, ngumu, zenye ganda linalong'aa. Ongeza machungwa 2 ya Bonde la Kerio, yale ambayo wanunuzi huyapita wakidhani ni mabichi kwa sababu ganda ni la kijani. Si mabichi. Ganda la chungwa hugeuka rangi likipigwa na baridi ya usiku, na kule bondeni joto halishuki kiasi hicho, hivyo chungwa huiva likiwa bado na vazi lake la kijani. Nayo yuzukosho ya kijani hutengenezwa kwa yuzu ambazo hazijaiva. Rangi basi umeipata bila kuilipia. Ndimu itakupa ukali, chungwa litakupa ule utamu wa mbali.

Pilipili chukua zile ndefu nyembamba za kijani. Pilipili mbuzi iache: ina harufu yake ya nguvu, nayo itaimeza ya ndimu.

3. Kwaruza, na ujue pa kukoma

Osha matunda kwa maji ya uvuguvugu, yakaushe kabisa. Tumia upande wa matundu madogo wa greta yako ya karoti. Unachotaka ni ile ngozi ya juu ya kijani tu, maana mafuta yenye harufu yamo humo. Ukiona weupe, geuza tunda. Weupe ni uchungu, na uchungu huo hautatoka hata ungoje mwezi. Wengi huumbukia hapa: hukwaruza kwa pupa wapate chupa kubwa ya kuringia, kisha wanakuwa na chupa kubwa isiyolika. Lenga gramu 40 za ganda. Ni kidogo, na kidogo ndicho kinachofanya watu wakuombe.

4. Linda mikono

Vaa glavu, pasua pilipili, toa mbegu na nyuzi nyeupe za ndani, ubaki na gramu 40. Kama huna glavu, paka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kuanza, na ukimaliza paka tena kabla ya sabuni. Kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka katika mafuta, na maji matupu hukitembeza tu kidole hadi kidole. Jicho likikuwasha, mwite mtu akukune.

5. Chumvi na siku havidanganywi

Mpaka hapa nimekuruhusu kila njia ya mkato. Hapa nafunga mlango. Gramu 80 za ganda na pilipili zinataka gramu 16 za chumvi, yaani kijiko cha mezani kisichojaa sana. Usipunguze eti kwa ajili ya presha. Chumvi hiyo ndiyo mlinzi wa chupa: inavizuia vijidudu vya kuozesha na kuviachia nafasi vile vya kuchachusha. Kama unaogopa chumvi, kula kidogo.

Ponda kwa kinu na mchi hadi iwe kama uji mzito. Blenda itakusumbua, kwa kuwa mzigo huu mdogo utarukia ukutani na kisu kitazunguka hewani. Shindilia kwenye chupa ya jemu uliyoichemsha na kuikausha, funga, weka kwenye friji. Ngoja siku 7. Ukiweza 14, zaidi. Ukionja siku ya kwanza utakuta vitu vitatu vinavyogombana. Ukirudi baada ya wiki, vimeshapatana.

Watu wa Pwani hawahitaji somo hili. Achari ya ndimu wameitia chumvi na pilipili na kuianika juani miaka mingi. Mpe bibi wa Mombasa chupa yako ainuse. Ataitambua kama mtoto wa ndugu yake.

6. Pakua kidogo, na kwa wakati wake

Usiipake nyama ingali juu ya makaa. Harufu ya ganda hupaa na joto, utabaki na chumvi. Ngoja nyama ikatwe, kisha weka kiasi cha punje ya haragwe ukingoni mwa ubao, kila mtu achovye. Wajapani huitia kwenye tambi za udon, kwenye chungu cha mchuzi kinacholiwa mezani, na kwenye mishikaki ya kuku. Wewe itie kwenye bakuli la supu ya mbuzi likishatoka jikoni. Itie kwenye sukuma wiki baada ya kuepua.

Na uipake kwenye hindi la kuchoma. Yule muuza mahindi wa kando ya barabara, anayechovya kipande cha ndimu kwenye pilipili na chumvi na kukusugulia hindi lako, ana vitu vyote vitatu vya Kyushu mkononi mwake. Kimoja anakitupa: ganda. Sisi sote hukitupa. Tunakamua ndimu na kuitupa pipani ikiwa na harufu yake yote.

7. Jiandae kukamatwa

Huu ni mji wa wakimbiaji, na wakimbiaji wa Kenya wameishi Japani wakikimbia katika timu za makampuni ya huko. Samuel Wanjiru alikwenda Sendai mwaka 2002 akiwa mwanafunzi, baadaye akaingia timu ya Toyota Kyushu, huko huko Fukuoka, kabla ya kutwaa dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008. Kwa hiyo usishangae mgeni mmoja akichovya, akafumba macho, akasema, "Hii si yuzu."

Usibishane. Jibu mara moja, kifua mbele: "Ni ndimu, na chungwa la Kerio." Kisha tazama mkono wake. Ukirudi kwenye ubao kuchovya tena, umeshinda.

Huenda akakuahidi mbegu za yuzu. Pokea, shukuru. Wajapani wenyewe husema mti wa yuzu uliopandwa kwa mbegu huzaa baada ya miaka 18. Panda tu, watoto watakula. Lakini Jumapili ijayo wageni wanakuja, na kwenye pipa lako la jikoni, sasa hivi, kuna maganda ya ndimu ya jana. Hayo yamekwenda. Ya leo yasiende.